Kiroba kimoja, majibu mawili: kwa nini vipimo vya dhahabu hupishana

Mteja analeta mawe kwenye maabara yetu, anapata gramu 3 za dhahabu kwa tani. Wiki inayofuata analeta mengine ya duara lile lile, yaani shimo lile lile la kuchimbia, anapata 19. Anatutazama kwa jicho la pembeni, na wengine husema wazi: "Hapa kuna mtu ananipiga." Hatuwalaumu. Mtu aliyewahi kuuza marudio yake, mchanga unaobaki baada ya mawe kusagwa na kuoshwa, kwa bei ya kutupa, kisha akasikia mwenye plenti, mtambo wa kuchenjua dhahabu, amevuna, ana haki ya kumshuku kila anayeshika mzani. Ila mara nyingi karatasi zote mbili za majibu ni za kweli, na kinachozitofautisha kimo ndani ya jiwe.

Tupige hesabu kidogo. Sentimita moja ya ujazo ya dhahabu ina gramu 19.3, kwatzi, yale mawe meupe ya mshipa wa dhahabu, haifiki gramu 2.7. Punje ya dhahabu yenye upana wa nusu milimita, ambayo unaiona kwenye karai bila taabu, ina miligramu 1.26 hivi. Tanuri letu linapokea gramu 50 za unga wa mawe kwa kipimo kimoja. Punje hiyo ikiangukia kwenye gramu hizo 50, yenyewe peke yake inafanya karatasi isome gramu 25 kwa tani. Isipoangukia, karatasi inasoma karibu na sifuri. Sasa chukua mwamba ambao kweli una gramu 5 kwa tani, dhahabu yake yote ikiwa ni punje za ukubwa huo. Hapo una punje moja katika kila gramu 250 za jiwe. Ukipima mafungu matano ya gramu 50, manne yanaweza kutoka matupu na la tano likatoka na 25. Jibu sahihi ni 5, na hakuna fungu hata moja lililolisema.

Punje ikiwa ya sehemu moja ya kumi ya milimita, mambo yanabadilika kabisa. Upana umepungua mara tano, lakini uzito umepungua mara 125, kwa hiyo punje moja inasogeza jibu kwa gramu 0.2 tu. Hesabu hiyo ya upana mara upana mara upana ndiyo kiini cha nadharia ya sampuli ambayo Mfaransa Pierre Gy alianza kuijenga miaka ya 1950, na migodi mikubwa inaitumia hadi leo. Kwa mchimbaji maana yake ni hii: jiwe lenye dhahabu ya kuonekana, lile linalofanya watu wapigiane simu usiku, ndilo gumu kuliko yote kupimika. Marudio yaliyosagwa vizuri hayana mbwembwe, na majibu yake hukaribiana.

Tunafanyaje basi? Mawe yanakaushwa, yanavunjwa yote hadi saizi ya milimita 2 hivi, ndipo yanagawanywa kwa sanduku lenye mifereji inayomwaga nusu huku na nusu kule. Hatuchoti kwa kijiko juu juu. Sehemu iliyobaki inasagwa mpaka asilimia 85 yake ipite kwenye chekeche lenye matundu ya mikroni 75, yaani milimita 0.075, laini kama poda. Gramu 50 zinachanganywa na oksidi ya risasi, magadi, boraksi na kiasi kidogo cha unga wa ngano, ule ule wa chapati. Watu hucheka wakiuona unga mezani, lakini una kazi: kaboni yake inanyang'anya oksijeni kwenye oksidi ya risasi, risasi inageuka matone, na matone yanazama kupitia mwamba ulioyeyuka kwenye nyuzi 1,000 na zaidi yakikokota dhahabu na fedha kwenda chini. Ukimimina na kupoza unapata donge la risasi. Donge linaingia kwenye kikombe cha magnesia kinachonyonya risasi, na kinachosalia ni kijitone unachokishika kwa kibanio. Asidi ya naitriki inaondoa fedha, dhahabu inabaki.

Tatizo ni kwamba dhahabu haisagiki kama jiwe. Ni laini, kinu kinaibonda kuwa bapa badala ya kuivunja. Kwa hiyo mteja akituambia mapema kwamba mawe yake yana dhahabu ya kuonekana, tunampendekezea kipimo cha chekeche: kilo nzima inapitishwa, kilichokataa kupita kinapimwa chote bila kubakizwa, kilichopita kinapimwa mara mbili, kisha majibu yanaunganishwa kwa uzito. Ni ghali zaidi na inachukua muda. Kwa mawe ya namna hiyo, kipimo cha kawaida kimoja peke yake tunakiona ni pesa ya kutupa, na tunamwambia mteja hivyo hata akiwa na haraka.

Lakini maabara haiwezi kurekebisha kosa lililofanyika shimoni, na huko ndiko tunakoona vituko vingi. Mtu anachagua vipande vitatu vinavyong'aa, anavifunga kwenye leso, anataka kujua "gredi ya duara", yaani kiasi cha dhahabu kwa kila tani. Hiyo ni gredi ya leso. Sampuli ya mshipa inachukuliwa kwa kukata mfereji wa upana na kina kile kile kutoka ukuta mmoja wa mshipa hadi mwingine, mwamba mgumu na laini kwa pamoja, na kila kinachodondoka kinaingia kwenye turubai, vumbi nalo. Vumbi lina dhahabu, tena nyingi. Ukileta kilo 5 zilizochukuliwa hivyo, tuna la kuzungumza.

Kwa marudio, usichote juu ya lundo. Mvua imekwisha kuliosha, na mchanga mzito hutuama karibu na mdomo wa mfereji unaomwaga marudio huku tope laini likienda mbali. Pigilia bomba la chuma la inchi mbili hadi chini kabisa, toa kilichomo, sogea hatua chache, rudia lundo zima. Halafu kuna maji. Mnunuzi na muuzaji wanapatana kwa tani 20 zilizopimwa zikiwa mbichi. Zikiwa na unyevu wa asilimia 15, mali kavu ni tani 17. Kwa gramu 3 kwa tani, hiyo ni gramu 51, si 60. Gramu 9 zilizogombanisha watu hazikuwahi kuwepo. Ndiyo maana karatasi yetu inaandika unyevu hata kama hukuuliza.

Kuhusu kuchakachua: inatokea, na haikuanzia kwetu. Mwaka 1997 kampuni ya Bre-X ya Kanada iliporomoka baada ya kubainika kwamba sampuli za Busang, Indonesia, zilikuwa zimetiwa dhahabu kutoka nje. Wawekezaji walipoteza mabilioni ya dola. Kwa hiyo kama unauza au unanunua lundo, pande zote mbili ziwepo sampuli inapochukuliwa, mfuko ufungwe kwa lakiri yenye namba, na ufunguliwe mbele yetu. Ukitaka kutupima sisi, gawa sampuli moja kwenye mifuko miwili, ipe namba tofauti, usituambie. Wanaofanya hivyo hatuwanunii. Sisi wenyewe katika kila mzigo wa tanuri tunaweka kwatzi isiyo na dhahabu na sampuli ya rejea ambayo jibu lake linajulikana.

Jambo la mwisho, kwa wanaofikiria kujenga vati za sayanaidi, yaani matangi ambamo dawa hiyo inayeyusha dhahabu itoke kwenye mchanga. Kipimo cha tanuri kinasema dhahabu iliyomo, hakisemi itakayotoka. Karatasi ikiandika gramu 4 na vati ikakupa 2.6, si lazima kuna mwizi. Huenda dhahabu imefungwa ndani ya madini ya salfaidi (yenye salfa), au kuna kopa, yaani shaba, inayokula sayanaidi kabla haijafika kwenye dhahabu. Kwa swali hilo tuna jaribio la chupa: mzigo wako, maji, chokaa ya kufikisha pH 10.5 ili sayanaidi isitoke kama gesi ya sumu, kisha chupa inazunguka saa 24 hadi 48 tukipima dhahabu iliyoyeyuka, iliyobaki, na dawa iliyotumika. Hapa tuna sharti moja. Lete mzigo uliosagwa na karasha, mashine ya kusagia mawe, utakayotumia wewe, usituachie tuusage sisi. Unga wetu ni laini kuliko wa karasha nyingi, utatoa asilimia nzuri ambayo vati yako haitaifikia. Vati pia haizungushwi, kwa hiyo yachukulie majibu ya chupa kama kikomo cha juu.

Majibu ya tanuri huchukua siku chache kwa sababu ya kukausha na kusaga, ya chupa huzidi kidogo. Mabaki ya sampuli tunayatunza yakiwa na namba yako. Usiporidhika, njoo tuyapime tena ukiwa umesimama hapo hapo, au uyachukue uyapeleke maabara nyingine.