Koki ya Mrija Namba 5

Mwanangu mpendwa,

Nimefurahi kusikia mmeanza somo la milango isiyopitisha maji. Ila kama mwalimu ameitaja nyambizi Thetis kwa sentensi moja akapita, basi amewapunja. Ngoja nikueleze kwa kituo, maana hakuna chombo kinachofundisha kazi hiyo kuliko hicho.

Thetis ilikuwa nyambizi ya Kiingereza ya daraja la T, urefu wake mita 84, iliyoundwa na kiwanda cha meli cha Cammell Laird kule Birkenhead. Omoni, yaani sehemu ya mbele, ilikuwa na mirija 6 ya topido (makombora ya chini ya maji) iliyoingia ndani ya mwili wake. Kila mrija una kifuniko cha nje kinachotazama bahari, na mlango wa nyuma unaofungukia chumbani. Viwili hivyo haviachwi wazi kwa pamoja hata sekunde moja.

Tarehe 1 Juni 1939 ilitoka kwenda kujaribiwa katika Ghuba ya Liverpool. Ndani walikuwamo watu 103, wakati mabaharia wake wa kawaida ni kama 53. Waliozidi ni maofisa wageni na mafundi wa kiwandani. Ishike hesabu hiyo, tutaihitaji tukifika kwenye hewa.

Mchana ule ilikataa kuzama. Omo ilikuwa nyepesi mno, na kwa hesabu ya uzito iliyoandikwa, mirija namba 5 na 6 ilipaswa kuwa na maji. Luteni Frederick Woods akaenda kuhakikisha. Mlango wa nyuma una koki ndogo ya kupimia: ukiifungua maji yakaruka, mrija umejaa, yasipotoka, unahesabiwa mtupu. Koki ya namba 5 haikutoa hata tone. Mlango ukafunguliwa, bahari ikaingia.

Kumbe kifuniko cha nje kilikuwa wazi na mrija umejaa. Tundu la koki lilizibwa na rangi nzito ya lami iliyopakwa ndani ya mrija kiwandani, nayo haikusafishwa. Kipo kisindano cha chuma cha kuzibulia tundu hilo. Siku ile hakikutumika. Juu ya hayo, saa za kuonyesha kama vifuniko vimefungwa zilipangwa vibaya: mshale wa "imefungwa" haukuelekea upande mmoja kwa mirija yote. Mimi siwezi kumtwika Woods peke yake mzigo huu. Fundi aliyepaka rangi, mkaguzi wa rangi na mchoraji wa saa zile, wote mikono yao imo kwenye mlango ule. Wewe kariri hili: koki iliyo kavu haijakwambia kitu mpaka uchomeke kisindano kipite.

Piga hesabu uone kasi yake. Mrija una kipenyo cha sentimita 53. Hata ukikadiria shinikizo la mita 5 tu za maji, inaingia zaidi ya tani moja kila sekunde. Mlango wa namna hiyo ukishafunguka, hakuna bega la kuurudisha.

Wakarudi nyuma ya ukuta wa kwanza unaogawa vyumba, wafunge mlango wake. Mlango ule ulikazwa kwa vishikizo 18 vya nati zenye mabawa, na kimoja kikaangukia kati ya mlango na fremu. Haukufunga. Wakakimbilia ukuta wa pili, huo ukafunga, lakini vyumba viwili vilikuwa vimekwisha kujaa. Omo ikagonga chini, kina cha mita 49 hivi. Kwa hiyo ukikuta mlango wenye vishikizo vinavyoning'inia, vibane vyote nje ya njia kabla chombo hakijaondoka gatini.

Asubuhi ya pili walifaulu kuliinua tezi, yaani sehemu ya nyuma, mpaka likatokeza juu ya maji, na bado wakafa. Katika chumba kilichofungwa, kinachotangulia kuua ni hewa ukaa wanayoitoa watu wenyewe, kabla oksijeni haijaisha. Kichwa kinauma, pumzi inakatika, akili inazubaa, na kazi ya vidole kama kufungua valvu za chumba cha kutokea inakuwa mlima. Watu wakiwa karibu maradufu, muda nao unakatika karibu nusu. Wanne walitoka hai: Kapteni Oram (mmoja wa maofisa wageni), Woods, Arnold na Shaw. Waliokufa ni 99, nahodha Guy Bolus akiwa miongoni mwao.

Baada ya hapo Waingereza waliweka kwenye milango ya mirija komeo linaloitwa kwa jina la nyambizi hiyo hiyo. Linauruhusu mlango kufunguka kidogo tu. Mrija ukiwa na maji utayaona yakichuruzika, na bado una nafasi ya kukaza tena. Ni kipande kidogo cha chuma, bei yake si kitu.

Nyambizi yenyewe iliibuliwa na kuegeshwa ufukweni Anglesey tarehe 3 Septemba 1939, siku Uingereza ilipoingia vitani. Ikatengenezwa upya, na mwaka 1940 ikarudi kazini kwa jina la Thunderbolt, chini ya nahodha Cecil Crouch. Ninaomba usiikumbuke kwa ajali peke yake. Tarehe 15 Desemba 1940, karibu na mlango wa mto Gironde, iliizamisha nyambizi ya Italia, Tarantini. Kisha ikapelekwa Mediterania. Januari 1943 ilibeba hadi Palermo topido za kupandwa na wazamiaji wawili wawili, ndani ya makasha ya chuma juu ya sitaha. Waliotoka kwake waliizamisha manowari mpya Ulpio Traiano ndani ya bandari.

Tarehe 14 Machi 1943, karibu na Sicilia, ilizamishwa na meli ya Italia iitwayo Cicogna, na wote waliokuwamo wakafa pamoja na Crouch. Safari hii yalikuwa mabomu ya kina ya adui, yale yanayolipuka chini ya maji. Mrija na mlango havikuwa na kosa.

Wasalaam,
Baba yako