Tuwaambie watoto ile "moja ya kichwani" inatoka wapi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na walimu wenzangu wa darasa la kwanza na la pili, pamoja na wazazi wanaokaa na watoto jioni kuwasimamia kazi za shule.

Hivi majuzi mjukuu wangu wa darasa la pili alirudi na daftari lenye alama ya kosa kwa wino mwekundu. Swali lilikuwa 47 + 38, naye alikuwa ameandika 715. Pembeni ya lile kosa hapakuwa na neno jingine lolote. Nikamuuliza amepataje, akanijibu bila kusita: saba na nane kumi na tano, nne na tatu saba. Na kweli, kila alichojumlisha alikijumlisha sawasawa. Asichokijua ni kwamba ile 4 iliyo kwenye 47 si nne, ni arobaini.

"Umesahau moja ya kichwani," nikamwambia, maana ndivyo nilivyofundisha miaka yangu yote darasani: andika tano, moja weka kichwani. Akaniuliza, "Bibi, moja ya nini?"

Swali hilo ndilo lililonishikisha kalamu.

Nilichomoa chelewa kwenye ufagio uliochakaa, nikazikata vipande vifupi, tukazifunga kumi kumi kwa uzi. 47 ikawa mafungu manne na vijiti saba. 38 ikawa mafungu matatu na vijiti nane. Tukakusanya kwanza vile visivyofungwa, vikawa kumi na tano. Mwenyewe akaona vinatosha fungu jingine, akafunga kumi, vikabaki vitano. Akahesabu mafungu: manne, na matatu, na hili jipya, manane. Themanini na tano! Ile moja alikuwa nayo mkononi, imefungwa uzi.

Shuleni tunaita hesabu hii kujumlisha kwa kubadili, na jina hilo linasema kweli. Mamoja kumi yanabadilishwa yanakuwa kumi moja, kama mtu anavyopeleka dukani sarafu kumi za shilingi 100 akapewa noti ya 1,000. Hakuna kilichopotea wala kuongezeka. Ila mtoto asipoona mabadilishano hayo kwa macho yake, anabaki na amri ya kukariri, na amri husahaulika.

Lugha yetu inatusaidia hapa, ingawa si kote. Anayesema "kumi na tano" amekwisha kujumlisha, kwa kuwa hiyo "na" ndiyo alama ya kujumlisha yenyewe. Wazee wa pwani walikuwa wakisema edashara na thenashara, maneno ya Kiarabu, ambamo mtoto asingeisikia kumi wala moja wala mbili. Hayo tumeyaacha, lakini thelathini na arobaini, zilizotoka huko huko, bado tunazo. Nani anaisikia nne ndani ya arobaini? Ndiyo maana namsihi mwalimu, anapotaja arobaini, aseme pia "makumi manne", tena na tena, mpaka mtoto aanze kusema mwenyewe.

Jambo jingine ni kukadiria kabla ya kuandika. Nilimuuliza mjukuu wangu: una machungwa 47, jirani akakuletea 38, yatafika mia saba? Akacheka, akalifuta jibu lake mwenyewe. Hamsini na arobaini ni tisini, na 47 haifiki hamsini, wala 38 haifiki arobaini. Kwa hiyo jibu haliwezi hata kufika mia. Mama muuza mboga anafanya hivi kila siku. Akidai 1,950 na 1,450, anachukua 50 kwenye ile 1,450 anaiongeza kwenye 1,950, zinakuwa 2,000 na 1,400, anakuambia 3,400 kabla hujafungua pochi. Utafiti uliofanywa Recife, Brazil, na kuchapishwa mwaka 1985 uliwakuta watoto waliouza bidhaa mitaani wakipatia hesabu zao kwenye biashara, kisha wakishindwa hesabu zile zile walipopewa kwenye karatasi. Akili walikuwa nayo. Karatasi ndiyo haikuungana na walichokijua.

Tangu mwaka 2015 mtaala wa madarasa haya mawili umesimama juu ya kusoma, kuandika na kuhesabu. Basi katika kuhesabu, tusiharakishe kupanga namba wima. Vijiti vya chelewa havina bei. Na anayehesabu kwa vidole tusimpige viganja. Ataviacha mwenyewe siku atakapojua kuwa nane inahitaji mbili tu ifike kumi.

Jioni ile tulimalizia na 56 + 67. Vijiti vikazidi kumi, tukafunga. Kisha mafungu nayo yakawa kumi na mawili. Mjukuu wangu akayatazama kwa muda, akatenga kumi, akaniomba kamba ndefu zaidi.

Mwalimu mstaafu,
Tanga