Barua kwa mwanangu: kabla hawajarudisha saa nyuma

Ngamiani, Tanga
Mwisho wa Septemba

Mwanangu kipenzi, kitinda mimba wangu,

Assalaam alaykum. Natumai u mzima. Sisi huku hatujambo, ila mguu wangu tu, nao umeshazoea. Nimeamua kuandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu unanikwepa. Nikifika tu kwenye habari za kaka yako, ghafla mtandao unakatika. Karatasi haikatiki. Binti wa jirani ataipiga picha akurushie kwa WhatsApp. Nimemwambia asisome, ingawa najua atasoma.

Nimeambiwa mmekutana dukani, pale mnaponunua unga wa ugali, mkapishana kama watu wasiojuana. Mtoto akakuita shangazi, ukamwitikia, ukambusu, kisha ukampita baba yake kama nguzo ya umeme. Sitaki kujua nani alimwona mwenzake kwanza. Wala sitaki kujua nani alikunja uso. Nauliza jambo moja: umempigia?

Huko Hamburg, Ujerumani, sasa majani yanaanza kugeuka. Nayajua, maana miezi yangu mitatu ya viza, wifi yako alipojifungua, iliangukia majira hayohayo. Nilifika miti ikiwa kijani, nikaondoka ikiwa mifupa mitupu. Nilikuwa nikisukuma kigari cha mtoto, kila baada ya hatua chache nasimama kuokota jani. Moja nimelihifadhi ndani ya msahafu hadi leo: katikati limebaki kijani, kingo zimekuwa nyekundu, na mwisho wa kikonyo pamefungwa vizuri kana kwamba limekatwa kwa wembe. Nimefundisha sayansi darasa la tano hadi nikastaafu, na nilikuwa nikiwaambia watoto kwamba miti ya nchi za baridi hupukutisha majani, basi, tunaendelea na mada nyingine. Sikuwahi kuwaeleza kwamba mti wenyewe ndio unaojifunga pale kikonyo kinaposhikana na tawi, na kwamba ile njano ilikuwemo ndani ya jani tangu mwanzo, imefunikwa tu na kijani. Kijani kikivunjika, njano inatokeza. Nyekundu ndiyo inayotengenezwa upya mwishoni. Wewe uliyesoma baiolojia unayajua haya, lakini nikiyakumbuka nafurahi.

Basi yafurahie na wewe. Usiyakaribishe majira hayo kwa kununa. Ukitoka zamu mapema, shuka kituo kimoja kabla ya kwako utembee. Ukikuta chini ya mti zile mbegu za hudhurungi zinazong'aa, zenye ganda la miba michachemichache, okota mbili tatu umpelekee mtoto wa kaka yako, anazipenda kuchezea. Usizichemshe. Hizo haziliwi, za kuliwa ni nyingine.

Ila usidanganyike na mwanga wa sasa. Wiki hii mchana na usiku wenu ni sawa, kama kwetu tu. Kuanzia hapa mnapunguziwa karibu dakika nne kila siku, na ikifika Desemba jua linazama saa kumi alasiri, mchana mzima haufiki urefu wa saa nane. Jumapili ya mwisho ya Oktoba, ikifika saa tisa usiku, wanarudisha saa mpaka saa nane. Sasa hivi mko nyuma yetu kwa saa moja, baada ya hapo ni mbili. Ukitoka zamu ya jioni ukataka kusikia sauti yangu, mimi nitakuwa nimeshalala zamani. Nani utakayempigia kwenye giza hilo? Kaka yako yuko vituo sita vya treni kutoka kwako. Ndiyo maana nataka jambo hili liishe kabla hawajagusa saa zao.

Koti ulilonalo ni jepesi. Usinibishie, nimeliona kwenye picha. Vaa fulana ndani, sweta juu yake, halafu koti, na viatu visivyoingiza maji, kwa sababu mvua ya Hamburg hainyeshi ikaisha, inanyunyiza tu siku nzima na upepo ukiisukuma ubavuni. Chumbani usianike nguo juu ya hita ukafunga madirisha. Fungua dirisha lote, wazi kabisa, dakika chache asubuhi na jioni, halafu ufunge. Usipofanya hivyo kuta zitaota ukungu mweusi na mwenye nyumba atasema ni wewe. Wifi yako ndiye aliyenifundisha hayo. Unaona? Nyumba ile ina watu wenye faida.

Sasa nikusifu kidogo, usije ukasema mama anajua kugomba tu. Picha ile uliyovaa sare ya uuguzi nimeionyesha mtaa mzima, mpaka muuza mkaa. Ulipofaulu Kijerumani cha ngazi ya B2 nilisali rakaa mbili za shukrani. Na ulivyonisimulia habari za yule bibi wodini anayekuita kwa jina la binti yake, nawe unaitikia ili asifadhaike, nilifuta machozi. Nikamwambia mama yako mdogo, huyu mtoto ana moyo. Lakini nilipokata simu nikajiuliza: moyo huo unaishia mlango wa hospitali? Bibi wa watu unamkata kucha, unamsikiliza kisa kilekile mara kumi, na kaka yako wa tumbo moja humwitikii salamu. Wema wa kazini, mwanangu, unalipwa mshahara. Huu mwingine haulipwi, ndiyo maana unauma.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, amesema si halali kwa Muislamu kumhama ndugu yake zaidi ya siku tatu, wakikutana huyu anageuka huku na yule kule, na mbora wao ni yule anayeanza kwa salamu. Siku tatu. Ninyi mna miezi. Kaka yako naye nimemwandikia ya kwake, tena yake ni kali zaidi, usidhani nimekukalia wewe peke yako. Lakini nakujua wewe ndiye mwenye ulimi wa kuanza. Yeye kama baba yenu, akinyamaza ananyamaza na nyumba nzima.

Mwezi wa kumi na moja utaona watoto wanapita barabarani jioni na taa za karatasi wakiimba. Hamburg wanaanza hata mapema zaidi, mimi niliwaona nikiwa dirishani nikadhani ni harusi. Wengi huifanya tarehe 11 Novemba, siku ya Martin wao, askari wa zamani wa Kirumi aliyekutana na maskini anatetemeka kwenye lango la mji wa Amiens, huko Ufaransa, akachomoa upanga akakata joho lake vipande viwili. Dini ni yao, kisa nimekipenda. Kilichonipendeza ni kwamba hakutoa joho lote. Alikata nusu, nusu akabaki nayo akajifunika. Basi na wewe sikudai msamaha mzima. Kama mzima umekushinda, mpe nusu. Mwambie "bado nina kinyongo, lakini nimekupigia." Nusu nyingine itajipa yenyewe siku za mbele, au isijipe, mtakuwa mnazungumza hata hivyo.

Na wale bata maji weupe wa ziwa la Alster umeshawaona? Mwezi huohuo wa Novemba mtu wa serikali ya mji huwakusanya kwa mashua na kuwapeleka bwawa la Eppendorf, ambako maji hayaachwi kuganda, wakae huko hadi baridi iishe. Kazi hiyo ina mtu wake tangu 1674. Na inasimuliwa kwamba tangu 1664 mji ule una sheria inayokataza kuwaua, kuwapiga, hata kuwatukana. Kuwatukana! Kaka yako nilipomwambia anisimulie tena kisa hicho alicheka mpaka akakaa chini. Nakukumbusha kwa sababu lile neno ulilomwandikia kwenye simu nimelisoma. Bata wa Hamburg wana ulinzi kuliko mwanangu wa kwanza.

Ukipita stesheni ukamkuta anayeuza gazeti la Hinz&Kunzt, nunua, hata kama hulisomi. Linauzwa na watu wasio na makazi tangu 1993 na sehemu ya bei inabaki kwao. Yule aliyesimama nje ya duka la karibu na kaka yako alikuwa akinisalimia kila asubuhi, mimi sijui lugha yake, yeye hajui yangu. Na majirani wa ngazi moja wasalimie kwanza. Wakijibu kwa mguno, huo ni mguno wao, wewe umeshatimiza wako.

Kuhusu zile fedha. Umeshikilia kwamba kaka yako alizila. Hakuzila. Zilikwenda kwenye ada ya mtoto wa mama yako mdogo, aliyekuwa arudishwe nyumbani kidato cha tatu. Kaka yako aliambiwa azipeleke huko, na aliyemwambia akamwomba asikujulishe mpaka umalize mitihani ya lugha, usije ukavurugika. Mitihani ikaisha, na tena ikawa vigumu kulianza neno. Kwa hiyo alipokaa kimya ukimtukana, hakuwa na kiburi. Alikuwa ameahidi. Hilo nimelisema, tusilirudie. Mtoto kafaulu vizuri, hasa hisabati.

Huku kusi linaisha, bahari imeanza kutulia, na mbayuwayu wameanza kujipanga kwenye nyaya za umeme mbele ya nyumba. Wametoka huko kwenu wakikimbia baridi. Mwembe umetoa maua mengi, Mungu akipenda maembe yatakuwepo. Jogoo mwekundu amekufa, usiulize. Luku inakwisha haraka, nashuku friji. Mama yako mdogo anakusalimu na anasema mkeka wako uko tayari, wa ukili wa rangi tatu, lakini anataka uje uuchukue mwenyewe.

Kubwa ni paa la jikoni. Upande wa kusini bati zimeoza, unaona anga. Fundi kapanda, kashuka na orodha: bati kumi na mbili za geji 28, mbao za kenchi mbili zilizoliwa na mchwa, misumari ya bati kilo tatu na gata mpya. Vuli ikianza Oktoba hatutapika humo. Sasa sikiliza kioja. Wewe ukaniandikia, "Mama, nitalipa mimi, kaka asijue." Kesho yake kaka yako naye akaniandikia, "Mama, nitalipa mimi, usimwambie mdogo wangu." Mlizaliwa tumbo moja kwelikweli.

Nimekataa zote mbili. Sipokei ya siri ya mtu. Nataka mkae, kwa simu au kwa miguu, mgawane orodha hiyo wenyewe, nani bati, nani mbao na fundi, halafu mnipigie pamoja, simu moja yenye sauti mbili. Akituma mmoja wenu peke yake narudisha siku hiyohiyo, na gharama ya kurudisha itakuwa juu yake. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Mimi nimelima ya kutosha na mguu huu.

Fundi nimemwambia angoje simu ya Hamburg. Kanipa mpaka katikati ya Oktoba, Chumbageni nako wanamtaka.

Mimi mama yako.

Tanbihi: Kuna mtu anasafiri kuja huko wiki ijayo. Nimempa iliki na mdalasini kutoka Amani, kule milimani Usambara, achari ya maembe chupa mbili, kashata, na lile sweta lako la samawati ulilosahau. Kaniambia anaweza kufikisha mahali pamoja tu, basi nimempa anwani ya kaka yako. Achari imefungwa vizuri lakini isikae sana, kaifuate upesi.