Nipe siku moja tu

Mpenzi Zuhura,

Salaam nyingi. Mimi mzima, isipokuwa mguu, nao nitakueleza. Najua nina deni la barua tangu mwezi wa nne, na Kibwana amekwisha nipasha kwamba unanitangaza huko nimekuwa Mfaransa. Sijawa. Ni uvivu tu, ule ule unaoujua. Barua naianza kichwani nikiwa kwenye metro, nikishuka imeshapotea.

Kilichonikalisha leo ni ile ratiba yako. Shosti! Siku tatu Paris, mistari ishirini na miwili, na saa juu. Mnara wa Eiffel saa nne na robo, Louvre saa saba, boti saa kumi na moja. Umeweka mpaka dakika za kupiga picha. Nimecheka hadi jirani akagonga ukuta, na kwa taarifa yako hiyo ndiyo mara ya kwanza jirani yule kuwasiliana nami tangu nihamie humu.

Mnara sikukatazi. Nenda kapange foleni, jipige picha umeushika kwa vidole viwili kama wenzako wote. Ombi langu ni siku ya pili. Ifute yote, unipe mimi. Sababu nitakupa, ila nivumilie, maana nitazunguka.

Miezi yangu ya mwanzo hapa unaijua, nilikuchosha nayo kwenye simu. Metro, mafunzo, metro, kulala. Basi Jumapili moja nikakosea treni. Nilitaka namba 7, nikaingia 7 bis, kijireli kifupi kama mkia. Kushtuka nataka kurudi nilikotoka, kumbe kule mwisho treni inazunguka upande mmoja tu, kama mbuzi aliyefungwa kambani. Nikashuka kwa hasira kituo kinaitwa Danube, nikapanda ngazi, nikatokea... sijui nisemeje. Vichochoro. Kila kimoja upana wa watu wawili wenye miamvuli, nyumba za ghorofa moja zimeegemeana, kila nyumba na bustani yake mbele ukubwa wa kitanda, na maua ya zambarau yananing'inia juu ya malango mpaka unainama kupita. Paka mmoja ukutani alinitazama kana kwamba nimechelewa. Vichochoro vyenyewe wanaviita "villa", majina makubwa hayo, Villa ya Maendeleo sijui na nini, wakati toroli la mzigo linapita kwa shida. Mtaa wote unaitwa Mouzaïa.

Nikarudi nyumbani nikasoma mpaka usiku. Unajua kwa nini hakuna ghorofa ndefu pale? Chini yalikuwa machimbo ya jasi, ile inayochomwa ikawa plasta, na ardhi imebaki na mapango kama jino lililooza. Hata kituo nilichoshukia kimesimamishwa juu ya nguzo zilizoshushwa chini kabisa. Jengo zito lingezama, kwa hiyo wakajenga vijumba vyepesi. Yaani mtaa ule umeokolewa na mashimo.

Na usidhani ni mapambo ya watalii. Pembeni mwa Paris kulikuwa na vijiji kweli: Belleville, Charonne, Montmartre, Passy, Auteuil, kila kimoja na meya wake na kanisa lake. Wanaparis walikuwa wakitoka huko Jumapili kwenda kunywa, kwa sababu mvinyo ukishavuka ukuta wa mji ulitozwa ushuru. Tarehe 1 Januari 1860 mji ukavimeza, wilaya zikapanda kutoka 12 hadi 20, na ushuru ukawafuata huko huko. Umelala mwanakijiji, umeamka mtu wa mji, na kinywaji kimepanda bei. Mzee Sele angefungua kesi.

Basi tangu siku ile kila Jumapili natafuta kijiji kingine. Charonne ndiko nilikoacha mguu. Kuna kanisa dogo juu ya ngazi, na makaburi ubavuni mwake (Paris nzima yamebaki mawili tu ya namna hiyo, mengine yako Montmartre). Mimi nimeinua macho kulitazama, mtaa ulio chini yake umetandikwa mawe ya zamani, nikakanyaga vibaya, puu! Wiki mbili nachechemea. Ndiyo maana nakuandikia mapema, kile kiatu chako cha kisigino kiache huko huko.

Lakini kijiji changu mwenyewe ni Butte-aux-Cailles, wilaya ya 13. Ni kilima. Neno "cailles" kwa Kifaransa ni kware, nami nikajitungia hadithi nzima ya kware na wawindaji, kumbe ni ukoo tu, bwana mmoja Pierre Caille aliyenunua ardhi pale mwaka 1543 akalima zabibu. Hapo hapo ndipo watu wa kwanza kuruka na puto bila kamba walipotua, Novemba 21, 1783, dakika 25 hewani. Walirushwa kutoka upande wa Passy, kwa hiyo tuseme safari ya kwanza ya anga ya binadamu ilitoka pembeni mwa mji ikaishia pembeni mwa mji, Paris ikapitwa kwa juu. Naipenda hiyo.

Sasa sikia. Kuna uwanja mdogo, Place Paul-Verlaine, na pale kuna bomba la umma la maji ya kisima, yanatoka zaidi ya mita 500 chini. Watu wanapanga foleni na chupa. Mimi nikabonyeza, maji yakatoka vuguvugu, nikayatema, nikadhani bomba bovu. Nyuma yangu bibi mmoja na kikapu cha magurudumu, chupa sita za glasi, vizibo kavitia mfukoni mwa koti. Akanitazama hivi, kisha akaniambia yanatoka na joto lake huko chini, uyaweke usiku kucha ndipo unywe. Akanipokonya chupa yangu, akaisuuza mara mbili, akaijaza, akaifunga, akanirudishia. Hakutabasamu hata kidogo! Niliona raha mpaka machozi yakanilenga. Miezi yote hiyo hakuna aliyewahi kunigombeza.

Jumapili ya tatu, mama wa duka la mikate pale juu akaniuliza, "Mguu je?" Sikuwahi kumwambia. Aliniona tu nachechemea. Zuhura, mimi hapa ninapoishi ghorofa ya saba tunaingia lifti watu wanne, tunatazama namba.

Nisikuuzie mbuzi kwenye gunia lakini. Kuna kimoja, La Campagne à Paris, nyumba karibu mia juu ya kilima huko wilaya ya 20, ushirika wa watu wa kipato kidogo ulikianza mwaka 1907 ili nao wapate pa kukaa. Leo mtu wa kipato kile hapati hata kibanda cha kuwekea baiskeli mle. Wanakijiji wa sasa ni watu wenye pesa wanaopenda ukimya. Sijui nichukie au... basi. Na Mouzaïa niliwahi kusimama mbele ya dirisha nikipiga picha, pazia likasogea, akatokea mzee na kikombe chake cha kahawa, ananitazama tu. Niliona aibu ya mwizi. Tangu hapo simu naiacha mkobani nikiwa vichochoroni, na wewe utaiacha, nakuapia.

Montmartre utakwenda hata nikikataa, najua. Basi twende alfajiri na tupite nyuma, kuna shamba la mizabibu pale mteremkoni lililopandwa mwaka 1933 ili watu wasije wakajenga. Ule uwanja wa wachoraji tuukimbie.

Kwa hiyo siku ya pili: asubuhi Mouzaïa, tupande treni mbaya kwa makusudi, alasiri Butte-aux-Cailles. Chupa ninazo. Unanipa au hunipi? Na hiyo tiketi ya Louvre umekwisha ilipia, au inaweza kusogea siku ya tatu? Unafika asubuhi au usiku, maana Kibwana anasema hivi na dada yako anasema vile? Magoti yako yanaendeleaje, ngazi unaziweza? Mama Sele alipata ile dawa niliyomtumia? Na yule bwana, unajua nani, bado anauliza habari zangu au ameshachoka? Usimwambie nimeuliza.

Jibu upesi, kabla sijajaza majibu mwenyewe.

Wako,
Rehema