Mhariri, megapikseli 20 za nini?

Mhariri habari za kazi,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua niongelee hizi kamera ndogo za mfukoni maana vijana wamezirudia kwa kasi, na wauzaji nao washashtukia, bei inapanda halafu maneno yao ni yale yale, "hii ina megapikseli 20 bosi", yaani nukta milioni 20 zinazounda picha.

Sasa chukua mfano Sony W800, imetoka 2014, kamera ya kuanzia kabisa. Megapikseli 20 inazo kweli hawajadanganya, ila zote zimebanwa kwenye sensa (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga) yenye upana wa milimita 6 hivi kama abiria wa daladala ya Mbagala jioni, na picha ya kuweka kwenye albamu, ile ya inchi 4 kwa 6, inataka megapikseli 2 na kidogo tu. Hizo zingine tunalipia nini?

Mchana kweupe mi naisifia bila kinyongo. Rangi safi, uzito gramu 125 hivi, na lenzi inavuta mara 5, hiyo ndo zumu ya kweli, zile namba kubwa kubwa za juu ya hapo ni kamera inakata katikati ya picha na kuikuza. Shida ni jua likishazama. Ukivuta mpaka mwisho lenzi inapitisha robo tu ya mwanga iliyokuwa inapitisha mwanzo, kamera inafidia kwa kupandisha ISO (wepesi wake wa kuhisi mwanga) na picha inajaa chenga, ukiwasha flashi nayo ikijitahidi sana ni mita 3 hivi, kwahiyo ukumbini kwenye sendofu ukikaa meza za nyuma utarudi na migongo ya watu inang'aa na bibi harusi yuko gizani.

Na Sony hiyo kituliza mtikisiko ndani ya lenzi haina. Canon IXUS 185 ya 2017 inavuta mara 8 na yenyewe kituliza hicho haina, na kadiri unavyovuta ndo mkono unavyoonekana kutetemeka, kwa hiyo kati ya hizo mbili mi nachukua Sony japo zumu yake fupi. Zote mbili hazina Wi-Fi (kutuma WhatsApp ni kebo au kadi rida) na video ni 720p (mistari 720 ya picha) basi, simu nyingi za sasa zinazipita hapo.

Ombi langu, mkiandika habari za kamera semeni hayo ya mwanga na mtikisiko kabla ya megapikseli. Na msomaji anayeenda dukani abebe memori kadi yake, apige picha humo humo ndani kwenye kivuli, zumu mpaka mwisho, kisha akaiangalie kwenye kompyuta, maana kile kioo cha nyuma cha inchi 2.7 kila picha humo ni nzuri. Muuzaji akigoma, duka la pili lipo.

Msomaji wenu,
Morogoro