Kabla hamjatia saini hiyo kondo

Toronto, Machi

Mdogo wangu Rehema,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na watoto. Huku sote wazima. Picha za fleti nimeziona, ni nzuri, ila hazionyeshi mnachouziwa. Kwenye kondo, yaani fleti ya kumiliki ndani ya jengo la pamoja, mtu hununua vyumba vyake pamoja na fungu lake la paa, lifti, mabomba na madeni ya jengo zima.

Kwa hiyo ombeni kwanza karatasi moja, inayoeleza hali ya jengo na fedha zake. Hapa jimboni Ontario inaitwa status certificate, mtajieni wakili kwa jina hilohilo. Kisheria ada yake haizidi dola 100, na jengo lina siku 10 za kuitoa. Ofa yenu iwe na sharti kwamba wakili aisome na aridhike. Zile siku 10 za kughairi mnazosikia watu wakizisema ni za anayenunua fleti mpya kwa mjenzi. Hiyo yenu imeshakaliwa, hamnazo.

Wakili aanzie kwenye mfuko wa akiba, fedha za jengo za matengenezo makubwa. Sheria inataka hesabu zake zipitiwe upya kila baada ya miaka 3: paa litachoka lini, lifti lini, zitagharimu kiasi gani. Mfuko ukipungua, bodi huitisha mchango wa dharura, na kila mwenye fleti anaweza kudaiwa maelfu ya dola kwa mkupuo. Ndiyo maana mimi ada ya jengo ya kila mwezi ikiwa ndogo mno hunitia wasiwasi kuliko kubwa. Kisha aangalie kama jengo lina kesi mahakamani.

Ada yenyewe piga hesabu hivi: futi za mraba 700 kwa senti 80 kila futi ni dola 560 kila mwezi, na haikomi hata mkopo ukiisha. Ulizeni kama umeme umo, maana majengo mengi kila fleti ina mita yake. Mkiacha kulipa, jengo linaweza kuandikisha dai juu ya fleti yenu, dai linalotangulia hata la benki, na mwisho wake ni kuuzwa.

Shemeji akienda kuikagua, afungue kabati la chini ya sinki atazame mabomba. Akiona ya plastiki, ya rangi ya machungwa kwa maji moto na ya buluu kwa baridi, yameandikwa Kitec, asimame hapo hapo. Yalifungwa sana kuanzia miaka ya katikati ya 1990 hadi 2007, na viungio vyake huliwa na maji mpaka vikapasuka. Kuyabadili ni kutoboa kuta.

Bima ya jengo haigusi vyombo vyenu wala mlichoongeza ndani. Mashine yenu ya kufulia ikimwaga maji kwa jirani wa chini, kiasi ambacho bima hiyo hailipi mnaweza kudaiwa ninyi, na huwa ni fedha nyingi. Kateni bima yenu inayotaja jambo hilo waziwazi. Mpira wa mashine badilisheni muweke uliosukwa kwa waya wa chuma, na mkisafiri fungeni maji.

Kuhamia hakuendi hivihivi: lifti ya mizigo huwekewa nafasi kwa saa maalumu, mara nyingi na amana.

Jiko la mkaa msilifikirie kwenye baraza, karibu kila jengo linakataza. Mkikaanga samaki moshi ukazidi, fungueni dirisha, kamwe si mlango wa korido; moshi ukifika huko unaweza kuamsha king'ora cha jengo zima, usiku, na wazee washuke kwa ngazi. Kinu nacho kitwangwe mchana. Zege hupitisha kishindo cha mchi hadi ghorofa ya chini, na mkeka hausaidii, labda mpira mzito.

Karatasi ikitoka nitumie siku hiyohiyo, kurasa za mfuko wa akiba zikitangulia.

Dada yako