Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Miradi ya CSR ya Mgodi na Nafasi Yetu

Ndugu wanachama, wenye maduka wenzangu,

Mahesabu atawasomea mweka hazina. Ada mmelipa vizuri kuliko mwaka jana, ahsanteni sana. Muda wangu nautumia kwa jambo lililotushughulisha mwaka mzima: miradi ya CSR ya mgodi, yaani wajibu wa kampuni kwa jamii inayoizunguka.

Wengi wetu bado tunaiita misaada. Si misaada hata kidogo. Tangu Sheria ya Madini ya Tanzania irekebishwe mwaka 2017, kifungu cha 105 kinamtaka mwenye leseni aandae mpango wa CSR kila mwaka, akubaliane na halmashauri, na mpango ufuate vipaumbele vya wananchi wa eneo husika. Halmashauri inaujadili, inasimamia utekelezaji, na inapaswa kuwaelimisha wananchi kuhusu miradi hiyo. Tukiuliza, tunadai kilichoandikwa.

Wenzetu wa India, kwa sheria yao ya makampuni ya mwaka 2013, walitaja kiwango: kampuni kubwa itenge asilimia 2 ya wastani wa faida ya miaka 3 iliyotangulia. Kifungu chetu cha 105 hakikutaja asilimia. Kila kitu kinategemea makubaliano. Ndiyo maana nasisitiza tuwepo pale yanapofanyika.

Mwaka huu tuliomba mchanganuo wa gharama za vyumba 2 vya madarasa vya mradi huo wa CSR. Tulizungushwa, lakini tukaupata. Mfuko wa saruji umeandikwa bei ya juu kuliko inavyouzwa kwa mwanachama wetu ng'ambo ya barabara, hatua chache kutoka kwenye msingi wa madarasa yenyewe. Nondo hivyo hivyo. Tukaandika barua, tukaanza kwa mtendaji wa kata, tukaishia ofisi ya mipango ya halmashauri. Bei zikapitiwa upya, na tofauti ikanunua mabati ya nyumba ya mwalimu iliyokaa boma muda mrefu. Mzabuni hakubadilishwa, na saruji iliendelea kuja kwa lori kutoka mbali wakati maduka yetu yamejaa. Hilo limeniuma, na bado tunalifuatilia.

Kamati ya maendeleo ya kata itaketi karibuni kupendekeza miradi ya mwaka ujao. Kamati tendaji inaomba mchague leo wawakilishi 2 wa kuwasilisha hoja zetu. Napendekeza mmoja awe fundi ujenzi, kwa sababu mchanganuo una kurasa nyingi na sisi wenye maduka tunajua bei, lakini hatujui chumba kimoja kinakula mifuko mingapi.